Kwa nini utafiti wa ukomohedhi huhitaji pesa za serikali

MWEZI Aprili mwaka wa 2025, Wizara ya Afya ya Marekani iliamua kusitisha mikataba ya vituo vilivyokuwa vikifuatilia afya ya maelfu ya wanawake wazee nchini humo. Wanasayansi na madaktari walilalamika vikali, na kabla ya wiki kwisha, wizara hiyo ilikuwa imegeuza kauli na kusema kuwa fedha hizo zingeendelea kutolewa.

Utafiti ulioponea chupuchupu ni ule wa Mpango wa Afya ya Wanawake, unaofahamika zaidi kwa herufi zake za Kiingereza, WHI. Wanawake zaidi ya 40,000 walikuwa bado wanafuatiliwa, wote wakiwa wamepita umri wa miaka 75. Baadhi yao walijiandikisha mwaka wa 1993.

Msomaji aliye Kisumu au Malindi huenda akauliza mambo hayo ya Wamarekani yanamhusu vipi. Yanamhusu kwa sababu matokeo ya utafiti huo ndiyo yaliyobadilisha ushauri ambao madaktari katika nchi nyingi duniani huwapa wanawake waliokoma hedhi. Mwanamke anayeambiwa na daktari wake kuwa dawa za homoni ni hatari, au kuwa hazina neno kwa mtu wa umri wake, anasikia mwangwi wa utafiti huo hata kama daktari mwenyewe hautaji.

Historia yake inaonyesha pia jambo ambalo hutajwa kwa nadra wakati bajeti inaposomwa. Serikali inapoamua kugharamia utafiti fulani, huwa inaamua vilevile ni swali lipi litakaloulizwa na ni lipi litakaloachwa. Mwanamke wa makamo amekuwa kwa muda mrefu miongoni mwa maswali yaliyoachwa.

Ukomohedhi si ugonjwa. Ni hatua ambayo kila mwanamke anayejaaliwa umri huifikia, kwa kawaida kati ya miaka 45 na 55, wakati ovari zinapoacha kutoa mayai na kupunguza kwa kiasi kikubwa homoni iitwayo estrojeni. Daktari huhesabu kwamba hedhi imekoma baada ya miezi 12 mfululizo kupita bila damu kuonekana. Kabla ya hapo huwepo kipindi cha mpito kinachoweza kuchukua miaka kadhaa, ambapo hedhi huja na kutoweka bila mpango.

Wazee wetu walilitaja jambo hili kwa staha, wakisema tu kuwa fulani ameacha kuingia mwezini. Staha ni njema, lakini imewaacha wengi bila maelezo. Mwanamke hushikwa na joto la ghafla linalopanda kifuani hadi usoni, huamka usiku nguo zikiwa zimelowa jasho, hukosa usingizi, husahau mambo madogo madogo na kuhisi maumivu ya viungo. Wengine hupata ukavu ukeni unaofanya tendo la ndoa kuwa mateso. Ndani ya mwili, bila dalili yoyote ya kuonekana, mifupa huanza kupoteza uzito wake na uwezekano wa kupata maradhi ya moyo huongezeka.

Baadhi ya wanawake hupita hatua hii bila shida kubwa. Wengine huteseka kwa miaka mingi, na kwa kuwa huu ndio umri ambao mtu huwa amefikia cheo kazini, biashara yake imesimama na watoto wangali wanadai karo, hasara yake haiishii kwa mwanamke peke yake.

Basi kwa nini kampuni za dawa, ambazo hazikosi fedha, zisiachiwe kazi ya kutafiti haya yote?

Jibu limo katika historia ya dawa moja. Mwaka wa 1942, Marekani iliidhinisha Premarin, dawa ya estrojeni inayotengenezwa kutokana na mkojo wa farasi wenye mimba. Mwaka wa 1966 daktari mmoja wa New York, Robert Wilson, alichapisha kitabu kilichodai kwamba kukoma hedhi ni upungufu wa homoni unaopaswa kutibiwa ili mwanamke asipoteze uanawake wake. Kitabu hicho kilinunuliwa mno, na mauzo ya estrojeni yakapanda. Miaka mingi baadaye mwanawe daktari huyo alisema kwamba kazi ya babake ilikuwa ikifadhiliwa na watengenezaji wa dawa hizo.

Mwaka wa 1975 ikagunduliwa kuwa wanawake wanaotumia estrojeni pekee walikuwa wakipata saratani ya utando wa mfuko wa uzazi kwa wingi kuliko wengine. Kampuni hazikuziondoa dawa hizo sokoni. Kwa mwanamke ambaye bado ana mfuko wa uzazi, iliongezwa homoni ya pili, projestini, inayoukinga utando huo.

Kufikia miaka ya 1980, imani mpya ilikuwa imeenea: kwamba homoni haziondoi joto tu, bali hulinda moyo. Imani hiyo ilitokana na tafiti za kuchunguza tu, ambapo wanawake waliokuwa wakimeza homoni walionekana kupata mshtuko wa moyo kwa uchache. Lakini ni nani waliokuwa wakimeza homoni? Wengi wao walikuwa wanawake wenye kipato, waliosoma, waliokula vizuri na waliomwona daktari mara kwa mara. Je, ni tembe zilizowalinda, au ni maisha yao?

Swali kama hilo hujibiwa kwa njia moja tu ya kuaminika. Hukusanywa maelfu ya watu, wakagawanywa kwa bahati nasibu, nusu wakapewa dawa na nusu tembe za mfano wake zisizo na kitu, kisha wakafuatiliwa kwa miaka. Ni kazi ghali mno. Na kampuni ambayo tayari inauza dawa yake kwa mamilioni ya watu haina sababu kubwa ya kulipia jaribio linaloweza kuiharibia soko.

Haki isemwe. Kampuni ya Wyeth, iliyotengeneza Premarin, iligharamia jaribio moja la wanawake 2,763 waliokuwa tayari wanaugua moyo, na matokeo yake yaliyotolewa mwaka wa 1998 hayakuonyesha kuwa homoni ziliwakinga. Lakini swali kuhusu mamilioni ya wanawake wazima, wasio na ugonjwa wowote, lilihitaji mfuko mkubwa zaidi.

Wakati huo serikali ya Marekani yenyewe haikuwa na la kujivunia. Tangu 1977, mwongozo wa mamlaka ya dawa nchini humo, FDA, ulizuia wanawake wenye uwezo wa kuzaa kushirikishwa katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Nia ilikuwa njema, kwani dunia ilikuwa ingali inakumbuka watoto waliozaliwa na viungo pungufu kwa sababu ya dawa ya thalidomide. Ila matokeo yake yalikuwa kuwafungia wanawake nje ya sayansi. Jaribio mashuhuri lililoonyesha kwamba aspirini hupunguza mshtuko wa moyo liliwahusisha madaktari 22,071, na wote walikuwa wanaume.

Mnamo Juni 1990, ofisi inayokagua matumizi ya fedha za umma kwa niaba ya Bunge la Congress ilieleza kuwa Taasisi za Kitaifa za Afya, NIH, hazikuwa zikitekeleza ipasavyo sera yao wenyewe ya kuwajumuisha wanawake. Wabunge wanawake wa vyama vyote viwili, wakiwemo Patricia Schroeder, Olympia Snowe na Barbara Mikulski, walilipigia kelele suala hilo. Miezi mitatu baadaye NIH ikaunda ofisi ya utafiti wa afya ya wanawake.

Mwaka wa 1991 Bernadine Healy, daktari wa moyo, akawa mwanamke wa kwanza kuongoza NIH. Mwaka huo huo alitangaza mpango wa WHI, uliokadiriwa kugharimu dola 625 milioni kwa miaka 15. Kwa thamani ya shilingi ya leo hizo ni takriban Sh80 bilioni. Mnamo Juni 1993, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iliyolazimisha wanawake na watu wa jamii za wachache kujumuishwa katika utafiti wa kitabibu unaogharamiwa na NIH. Kilichokuwa ombi kikawa sharti.

WHI iliandikisha wanawake 161,808 wenye umri wa miaka 50 hadi 79 katika vituo 40. Wengine walifuatiliwa tu bila kupewa chochote. Wengine waliingia katika majaribio ya homoni, ya lishe yenye mafuta kidogo, na ya madini ya kalsiamu pamoja na vitamini D. Wyeth ilitoa tembe za homoni. Serikali ikalipia kazi yenyewe.

Kisha ikaja tarehe 9 Julai 2002. Siku hiyo ilitangazwa kuwa jaribio la estrojeni na projestini, lililokuwa na wanawake 16,608, lilikuwa limesimamishwa baada ya wastani wa miaka 5.2 badala ya miaka zaidi ya minane iliyopangwa. Waliomeza homoni walikuwa wamepata saratani ya matiti kwa asilimia 26 zaidi ya wenzao, kiharusi kwa asilimia 41 zaidi, na mshtuko wa moyo kwa asilimia 29 zaidi. Dawa iliyosifiwa kwamba hulinda moyo haikuwa ikiulinda.

Habari hizo ziliandikwa katika kurasa za kwanza za magazeti kila mahali. Wanawake wengi walizitupa tembe zao siku hiyo hiyo, na madaktari wengi wakaacha kuziandika.

Ni vyema tusite hapa, kwa sababu ndipo wengi walipopotoka, sisi waandishi wa habari tukiwa mstari wa mbele. Asilimia 26 ni nambari inayotisha. Lakini ikielezwa kwa namna nyingine, ina maana kwamba kati ya wanawake 10,000 wasiotumia dawa, 30 walipata saratani ya matiti katika mwaka mmoja, na kati ya wanawake 10,000 wanaoitumia, walikuwa 38. Wameongezeka wanane. Kwa upande wa pili, katika idadi hiyo hiyo, waliovunjika nyonga walipungua kwa watano na waliopata saratani ya utumbo mpana wakapungua kwa sita. Wanane si wachache ikiwa mmoja wao ni mamako. Hata hivyo, hesabu hiyo ingemwezesha mwanamke kupima mwenyewe, ilhali asilimia peke yake ilimfanya akimbie.

Kulikuwa na jambo jingine zito zaidi. Wastani wa umri wa wanawake wale ulikuwa miaka 63. Ni thuluthi moja tu waliokuwa na umri wa chini ya miaka 60. Watafiti walitaka kujua kuhusu moyo, na maradhi ya moyo humpata mtu akiwa na umri mkubwa, kwa hivyo waliwachukua wanawake ambao hedhi ilikuwa imekoma zamani. Jibu lililopatikana lilikuwa sahihi kwa swali hilo. Kosa lilikuwa kulibeba jibu la bibi wa miaka 68 na kumpa mwanamke wa miaka 50 anayekosa usingizi kwa sababu ya joto, kana kwamba miili yao ni mmoja.

Hapo ndipo umuhimu wa fedha zisizokatika unapoonekana. Kama serikali ingefunga vituo mwaka wa 2002, dunia ingebaki na kichwa kile cha habari peke yake. Vituo havikufungwa. Mwaka wa 2004 jaribio la pili, la estrojeni pekee kwa wanawake 10,739 waliokuwa wameondolewa mfuko wa uzazi, lilisimamishwa pia kwa sababu ya kiharusi, lakini halikuonyesha ongezeko la saratani ya matiti. Walipofuatiliwa kwa miaka 20, ilibainika kuwa waliotumia estrojeni pekee walipata saratani hiyo kwa uchache kuliko wasioitumia. Nayo ripoti ya 2017, baada ya miaka 18, ilionyesha kwamba idadi ya waliofariki ilikuwa karibu sawa kati ya waliopewa homoni na waliopewa tembe tupu.

Uchambuzi kwa umri nao uliendelea kuonyesha kwamba kwa mwanamke mwenye afya njema, aliye chini ya miaka 60 au ambaye hedhi yake imekoma katika miaka 10 iliyopita, faida za homoni dhidi ya joto na jasho mara nyingi huzidi madhara. Mnamo Novemba 2025, FDA ilitangaza kuwa ingeondoa onyo zito lililokuwa likichapishwa ndani ya kisanduku kwenye maelezo ya dawa hizo tangu 2003. Wapo wataalamu waliounga mkono hatua hiyo na wapo walioona kuwa imekwenda mbali mno, hasa kwa dawa zinazomezwa. Mwanamke aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda bado anapaswa kuwa na tahadhari kubwa na kuamua pamoja na daktari wake.

Kutoka 2002 hadi 2025 ni miaka 23. Mwanamke aliyekuwa na miaka 50 siku ya tangazo la kwanza alikuwa na miaka 73 onyo lilipotangazwa kuondolewa. Miaka yake ya joto na ya kukesha ilikuwa imekwisha kitambo.

Sehemu ya WHI iliyohusu kalsiamu na vitamini D haikuzua kelele, lakini kwangu ndiyo inayoeleza vizuri zaidi kazi ya serikali. Wanawake 36,282 walishiriki. Ilionekana kuwa mifupa ya nyonga iliimarika kidogo, ila kuvunjika nyonga hakukupungua kwa kiasi cha kutegemewa, na mawe kwenye figo yaliongezeka. Ni muuzaji gani wa tembe za kalsiamu angetumia mamilioni ya dola kutafuta habari kama hiyo?

Wanaouliza iwapo pesa hizo ziliharibika wamekwisha kujibiwa kwa hesabu. Mwaka wa 2014 watafiti walikadiria kuwa jaribio la estrojeni na projestini, lililogharimu dola 260 milioni, liliiletea jamii ya Wamarekani faida ya dola 37 bilioni kutokana na maradhi yaliyoepukwa na dawa ambazo hazikununuliwa. Ni kama dola 140 kwa kila dola moja. Tukijua sasa kwamba wengine waliacha dawa ambazo zingewafaa, hesabu hiyo nayo ina upande ambao haikuugusa.

WHI haikuwa peke yake. Mwaka wa 1994 NIH ilianzisha utafiti mwingine, SWAN, uliokusudia kuufuata mpito wenyewe badala ya kuwasubiri wanawake wazeeke. Wanawake 3,302 wenye umri wa miaka 42 hadi 52 waliandikishwa katika maeneo saba ya Marekani, wakiwa wazungu, weusi, Wachina, Wajapani na wenye asili ya Amerika ya Kusini na Kati.

Kabla ya SWAN, madaktari wengi walikuwa wakiwaambia wanawake kwamba joto hilo lingeisha baada ya miezi michache au mwaka mmoja au miwili. SWAN ilionyesha kwamba wanaolipata mara kwa mara huishi nalo kwa takriban miaka 7.4. Kwa wanawake wenye asili ya Japani ilikuwa chini ya miaka mitano. Kwa wanawake weusi, miaka 10.1. Ilionekana pia kuwa mifupa huanza kupungua kwa kasi hata kabla ya hedhi ya mwisho, jambo linalomaanisha kuwa anayesubiri hedhi ikome ndipo aanze kujali mifupa yake huwa amechelewa.

Aidha, ipo kazi ya polepole ya maabara ambayo matunda yake hayaonekani katika muhula wa waziri yeyote. Katika Chuo Kikuu cha Arizona, Profesa Naomi Rance alichunguza bongo za wanawake waliofariki na kugundua kwamba baadhi ya seli za sehemu ya ubongo inayodhibiti joto la mwili huwa zimevimba kwa waliokoma hedhi. Hiyo ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kwa fedha za NIH, aliendelea kuzifuata seli hizo kwa miaka mingi, mpaka ikaeleweka kuwa estrojeni inapopungua, seli hizo hukosa wa kuzituliza na kuuambia mwili kuwa una joto wakati hauna.

Ni kutokana na maarifa hayo kwamba kampuni ziliweza kutengeneza dawa isiyo homoni, fezolinetant, iliyoidhinishwa na FDA mnamo Mei 2023. Ni msaada mkubwa kwa wasioweza kutumia homoni, ingawa watumiaji hulazimika kupimwa ini. Kampuni ilikuja mwishoni, njia ikiwa imekwisha kulimwa kwa pesa za umma kwa takriban miaka 30.

Pamoja na hayo yote, fungu la wanawake limebaki dogo. Mnamo Desemba 2024, jopo la wataalamu wa akademia za kitaifa za sayansi za Marekani lilieleza kwamba kati ya 2013 na 2023, NIH ilitumia wastani wa asilimia 8.8 tu ya fedha zake za utafiti kwa afya ya wanawake. Jopo lilipendekeza nyongeza ya dola 15.7 bilioni katika miaka mitano.

Wanasiasa walikuwa wameanza kulisikia jambo hilo. Mnamo Novemba 2023, Rais Joe Biden na mkewe Jill walizindua mpango wa Ikulu kuhusu utafiti wa afya ya wanawake, na Machi 2024 rais akaliomba Bunge dola 12 bilioni. Bunge halikuzitoa. Mnamo Mei 2024 Seneta Patty Murray na wenzake wa vyama vyote viwili waliwasilisha mswada wa kutenga dola 275 milioni kwa miaka mitano, zaidi ya Sh35 bilioni, kwa ajili ya utafiti wa ukomohedhi, mafunzo ya madaktari na elimu kwa umma. Mwigizaji Halle Berry alisimama nao nje ya majengo ya Bunge na kutaja neno hilo kwa sauti ya juu. Bunge hilo lilimaliza muhula wake Januari 2025 bila kuupitisha mswada huo. Miezi mitatu baadaye likaja lile tangazo la kusitisha mikataba ya WHI.

Na sisi je? Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya mwaka wa 2013 ilianzisha Hazina ya Kitaifa ya Utafiti na kutaja kuwa itengewe asilimia mbili ya pato la taifa kila mwaka. Anayefuatilia bajeti za nchi hii anajua kuwa kiwango hicho hakijawahi kukaribiwa. Fedha nyingi za utafiti wa afya nchini hutoka kwa wafadhili wa nje, na mfadhili huja na swali lake mfukoni. Kwa miaka mingi maswali hayo yamekuwa malaria, Ukimwi, kifua kikuu, uzazi na watoto. Hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesema maswali hayo hayakustahili.

Lakini mafanikio yake yamezaa swali jipya. Wanawake walioanza kutumia dawa za kupunguza makali ya HIV mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakiwa na miaka 25 au 30, hawakufa kama ilivyohofiwa. Wameishi, wamelea watoto, na sasa wanafikia umri wa kukoma hedhi. Miongoni mwa dawa zinazotumiwa sana ni tenofovir, ambayo inajulikana kuwa aina yake ya kawaida hupunguza uzito wa mifupa. Kukoma hedhi hupunguza mifupa pia. Virusi vyenyewe navyo havina huruma kwa mifupa. Haya matatu yanapokutana ndani ya mwanamke mmoja wa Homa Bay au Siaya, akiwa bado anainama kulima na kubeba maji, kinachotokea kwenye nyonga na uti wa mgongo wake ni jambo ambalo Kenya ina sababu ya kulitafiti kuliko Marekani. Wanawake wa WHI hawawezi kulijibu kwa niaba yake.

Uwezo haukosekani. Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu, KEMRI, imekuwepo tangu 1979 na imeendesha majaribio makubwa ya dawa na chanjo. Vyuo vikuu vyetu vina madaktari wa wanawake na wataalamu wa takwimu. Hata pasipo jaribio la mabilioni, kuongeza maswali machache katika tafiti zinazofanywa tayari kungekuwa mwanzo: hedhi ilikoma lini, joto limedumu kwa muda gani, umewahi kuvunjika mfupa, umewahi kumwona daktari kuhusu hayo na alikuambia nini.

Kwa sasa hata maswali hayo hayana pa kukaa. Utafiti wa Kitaifa kuhusu Idadi ya Watu na Afya, ule mkubwa unaotegemewa na serikali katika kupanga huduma, na ambao mara ya mwisho ulifanywa mwaka wa 2022, huwahoji wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49. Wanaume huhojiwa hadi miaka 54. Karani akibisha hodi katika nyumba iliyoteuliwa kwa mahojiano ya pande zote mbili, mume wa miaka 52 ataketi naye na kujibu maswali kuhusu afya yake. Mkewe wa miaka 50 ataandikwa jina, umri na jinsia katika orodha ya wakazi wa nyumba hiyo.